Diski ya Baba Yako, Nyuma ya Kufuli

Tuwan,
S.L.P. 1174,
Kitale.
26 Septemba 1999

Mpendwa mwanangu Sikuku,

Nakusalimu kwa mikono miwili. U hali gani huko Winnipeg? Mke wako Jelimo hajambo? Na kile kikohozi cha Nelima ulichonitajia kwenye simu kimepona? Mfungeni kifua huyo mtoto, si baridi ya kuchezea hiyo. Sisi huku tu wazima. Nasema sisi kwa mazoea tu, niko mimi na kuku.

Mahindi ya shamba la Kimilili yamekauka vizuri, na baba yako mdogo Wekoye anasema tutavuna mwezi ujao. Jirani yangu Mwihaki bado ananiletea maziwa pamoja na habari za mtaa mzima. Goti langu linauma mvua ikikaribia, na huku mvua inakaribia kila siku.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu, maana kompyuta sijaigusa tangu Jumanne.

Unaikumbuka barua yako ya Februari, ile ya kurasa nne, ulipomwelekeza baba yako namna ya kuunganisha kompyuta zetu kwa waya? Yake ya chumba cha nyuma na yangu ya sebuleni, ili kila mtu afungue diski ya mwenzake bila kuhama kiti. Sikukuambia tulivyohangaika. Wiki mbili nzima! Wewe uliandika kila kompyuta ipewe jina lake. Baba yako akazipa zote mbili jina MWALIMU, ati tulifungishwa ndoa kanisani tukawa mwili mmoja, majina mawili ya nini. Mashine zikakataa kuonana. Akabadilisha waya, akalaumu duka, akanilaumu mimi. Siku aliyokwenda Bungoma nikachukua barua yako, nikaiita yangu NANJALA, nikafuata yale mengine, na diski yake ikajitokeza kwenye kioo changu na herufi yake H. Aliporudi alisema ni ule waya mpya. Nikanyamaza. Ndoa ina kunyamaza kwingi, utakuja kuona.

Neno la siri hakuweka. Alisema mwanamume anayemfungia mke wake diski ana jambo.

Basi tukawa tunaandikiana. Kwenye diski yake alitengeneza folda akaiita JIKONI, na ndani yake kila siku faili moja yenye tarehe. Yeye anaandika, "Mama Sikuku, hii chai inakuja ama imepitia kwa Wekoye Myanga kwanza?" Mimi naandika chini yake, "Miguu si unayo?" Halafu namsikia akicheka upande wa pili wa ukuta. Nimekaa na huyo mtu miaka thelathini na minne, na mengine aliyoniandikia pale hakuwahi kuyatamka kwa mdomo. Siku moja aliandika kwamba angezaliwa tena angerudi kuniposa kwa baba yangu yule yule, na matusi yake yote. Miezi mitatu tu tuliongea hivyo.

Alipofariki tarehe kumi na nne Juni, Wekoye alikifunga kile chumba cha nyuma kwa kufuli akaenda na ufunguo kwake Myanga. Alisema chumba cha mwenye nyumba kitafunguliwa na mwanawe wa kwanza, na kabla yake asiguse mtu kitu. Sikubishana. Nilijua unakuja. Kwa haraka ile ya msiba hakuna aliyekumbuka kwamba kompyuta ya baba yako ilikuwa inawaka.

Mwezi wa saba, wageni walipokwisha, nikawasha yangu nipige taipu kumbukumbu za kina mama wa kanisa. H ilikuwa pale. Weh! Mlango una kufuli, mwenyewe tumemzika Kimilili, na diski yake inanifungukia kama siku zote.

Nikaanza kusoma JIKONI tangu mwanzo. Kila siku saa kumi, chai mkononi, faili moja tu, siongezi. Nyingi nilikuwa nimeshazisoma zamani. Lakini ile ya tarehe kumi na nne Juni sijawahi kuifungua. Asubuhi hiyo nilikuwa sokoni, nikarudi nikamkuta ameanguka kando ya kiti. Faili ipo, nimeiona tarehe yake. Utaniuliza kwa nini sikuirukia hiyo kwanza. Niliogopa, Sikuku. Nikishaisoma, hana lingine la kuniambia.

Stima ikikatika sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa ile mashine yake kuukuu hujiwasha yenyewe stima ikirudi. Jumanne hii ilikatika mara tatu, na mara ya mwisho ikarudi kwa mlio. H haikurudi. Nikaweka sikio mlangoni, nikasikia feni inanguruma ndani. Ninajua ilivyokwama. Ikiwaka hukagua diski, na ikikuta hitilafu husimama hapo hapo ingoje mtu abonyeze kitufe. Baba yako alikuwa akikibonyeza huku anakunywa chai. Kidole kimoja tu kinatakiwa, na mimi niko upande huu wa mlango.

Tangu siku hiyo saa kumi inafika na sijui nikae wapi. Nilidhani upweke nimeuzoea, kumbe nilikuwa sijauanza. Namwita kuku kwa jina. Mwihaki akija namzuia asiondoke, hata nimemweleza habari za goti langu mara nne kwa siku moja, maskini.

Barua yako ya Agosti nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ulisema makaratasi yako bado, na kwamba kwa vile mazishi yamekwisha pita, hakuna haraka ya kuja. Sikukasirika. La, nilikasirika.

Jana Wekoye alikuja. Nadhani Mwihaki alimpigia simu, huyo haoni mtu analia akanyamaza. Akauweka ufunguo mezani akasema, "Shemeji, fungua tu. Mtoto akija akute pamefunguliwa, kwani atakufa?"

Nikauchukua. Nikafika mlangoni, nikauingiza kwenye kufuli. Mwanangu, sitakuficha. Niliutoa tena. Kufuli hili likifunguka, na neno la mwisho la baba yako nikalisoma peke yangu, wewe utakuja nyumbani kufungua nini? Ninajua kila stima ikikatika ile diski inazidi kuumia, na siku moja haitaamka. Najua hivyo na bado sikufungua. Ulisema hakuna haraka, basi haraka ndiyo hiyo. Sina nyingine ya kukuitia.

Wekoye anakusalimu, Mwihaki pia. Msalimie sana Jelimo, na umwambie Nelima kuku mweupe ni wake, sijamchinja. Mungu awakinge na baridi hiyo, ayanyooshe makaratasi yako, akupitishe salama angani.

Ufunguo nimeutia kwenye mkebe wa majani ya chai.

Ni mimi mama yako, nikupendaye na kukungoja,

Nanjala