Eda ya Elizabeti

Jumanne, 5 Juni 1956

Kombo amefariki. Homa ilimpanda jana, alfajiri hakuamka tena.

Na tayari wamemzika! Adhuhuri tu! Nilikuwa bado nasema ngojeni, ngojeni baba yangu afike hapa Tanga kutoka Maramba, huku wanaume wameshalinyanyua jeneza. Nikakimbilia mlangoni. Wifi yangu Chiku akanidaka kiuno. Wanawake hawaendi makaburini, kasema. Nikapiga ukemi kama tunavyolia kwetu. Akaniziba mdomo kwa kanga. Eti namtesa maiti.

Kwetu mke asiyelia ndiye anayenyoshewa kidole.

Sijui mume wangu amelala wapi.

Ijumaa, 8 Juni

Baba kafika. Kaja na wanakwaya watatu, wamejiandaa kukesha na kuimba. Wakakuta mikeka na watu wanakunywa kahawa.

Hakukaa. Mbele ya watu wote akasema, "Mmemfukia mkwe wangu kama mzoga! Hata siku moja hamkumpa!"

Miraji, kaka yake Kombo, akajibu taratibu: maiti hawekwi juu ya ardhi akaadhirika, kumharakisha ndiyo heshima yake ya mwisho. Baba akauliza ni heshima gani hiyo ya mbio mbio.

Mimi niko ndani, nyuma ya pazia. Wote wawili walimpenda Kombo. Wote wawili wanasema heshima. Na hakuna anayemsikia mwenzake!

Kisha Baba akaniita, nifunge mizigo tuondoke. Nikasema: nakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, kama wajane wa hapa. Nilishtuka mwenyewe kuisikia sauti yangu. Baba alinitazama tu, akatoka bila kuaga. Baba yangu Noa, mwinjilisti wa Maramba — binti yake anakaa eda.

Hakuna aliyenilazimisha. Mama mkwe alinambia, "Weye una dini yako, Eliza. Kombo alikuoa ukiwa nayo, wala hakukunyang'anya."

Ndiyo maana nimekaa.

Jumapili, 24 Juni

Kengele ya kanisa nimeisikilizia chumbani. Baada ya ibada akaja Mzee Ernesti wa usharika. Hakuingia, aliongea nami dirishani. Je, nimesilimu? Hapana. Basi nguo hizi nyeupe ni za nini?

Nyeupe! Nyeupe nilivaa kipaimara. Nyeupe huvaa maharusi wetu. Hapa ndiyo nguo ya mjane. Ningemweleza vipi? Nikasema namkalia eda mume wangu. Akaenda zake anatikisa kichwa.

Kombo kila Krismasi alinisindikiza hadi geti la kanisa, kanzu imepigwa pasi, akakaa ng'ambo ya barabara kunisubiri. Wenzake wa karakana ya reli walimcheka. Alikuwa akisema: mke wangu anaongea na Mungu, mimi nina haraka gani?

Nani atanisubiri sasa?

Jumatano, 18 Julai

Chiku kasikia naimba wimbo wa kanisani wakati napepeta mchele. Kelele! Nyumba inasomwa Kurani hii, nisiyachanganye mambo! Akatoka kwa hasira.

Mama mkwe akaja akakaa karibu nami. Akauliza maneno yale ya Kishambaa maana yake nini. Nikamwambia: yanasema Mungu ni mahali pa kujificha mvua ikinyesha. Akafikiri sana. "Basi imba polepole, Chiku akiwa kisimani."

Tukacheka! Mara ya kwanza tangu msiba. Nikapata moyo, nikamwomba. Siku moja tu, hata kwa mbali, anipeleke nilione kaburi la Kombo.

Akaacha kucheka.

"Nami sijaliona, mwanangu. Miye niliyemzaa. Nilimwona anatoka mlangoni, basi."

Mungu wangu! Siku zote hizi nilidhani wamenifungia mlango mimi, mgeni, Mkristo. Kumbe siku ile Chiku ananishika kiuno, mama yake Kombo alikuwa nyuma yangu, anaishia kwenye kizingiti kilekile. Mimi nilipiga ukemi. Yeye hakutoa hata sauti. Na nikamhesabia kuwa hana uchungu!

Tumekaa hadi mchele ukawa umepepetwa mara ya tatu.

Jumatatu, 6 Agosti

Idarusi, dereva wa lori la Maramba, kaleta habari. Mama yangu hali chakula. Analitaja jina langu.

Na eda haijaisha.

Chiku kasema nikitoka mtaa mzima wa Usagara utasema Kombo hakuacha mke. Hakusema kwa ubaya — alikuwa analia. Mimi nilikuwa sijui hata nisimame au nikae.

Mama mkwe akachukua buibui lake, akatoka. Nikajua anakwenda kumwuliza shehe. Muda mrefu. Aliporudi:

"Shehe nimemwona. Kasema dharura ina hukumu yake. Idarusi naye nimemwona. Anatuwekea nafasi mbili."

Mbili!

Jumatano, 8 Agosti

Tumechelewa. Tumefika jana jioni, mama yangu, Kristina, alikuwa ameshatutoka tangu asubuhi.

Walikuwa wamemlaza sebuleni, wananingoja. Nyimbo, taa, watu hadi uani. Mama mkwe hajapata kukaa nyumba moja na maiti hadi siku ya pili. Nilimwona anavyojikunja pale pembeni, midomo inacheza, tasbihi ndani ya kanga. Hakuuliza mtazika lini.

Shangazi Bertha akanikumbatia, akaangua kilio, wanawake wote wakaitikia — wananisubiri mimi. Na mimi sauti haitoki! Nimeimeza tangu Juni, imesahau njia. Watu wakaanza kutazamana. Mtoto gani huyu!

Nikahisi mkono mgongoni. Mama mkwe, sikioni kwangu: "Lia, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Nikalia. Nimemlilia mama yangu na Kombo kwa pamoja, sikuweza kuwatenganisha.

Tumemzika leo. Nimetupia udongo kwa mkono wangu.

Jumamosi, 11 Agosti

Naandikia gotini, nimekaa kando ya sanduku langu barabarani. Lori la Idarusi linapakia mahindi.

Shangazi Bertha anasema binti humlilia mama yake nyumbani kwao, na Baba abaki na nani? Kweli. Kule Tanga eda yangu haijaisha. Kweli pia. Nimemwuliza Baba nibaki au nirudi. Kasema, "Yale niliyosema kule barazani sitayasema tena."

Asubuhi Mama mkwe kanikunjia nguo, kazipanga sandukuni, kamba akaniwekea mkononi. Hakulifunga, kaniachia mwenyewe.

Sasa hivi alikuwa anapanda lori. Kipandio kirefu, mguu umeteleza, akarudi chini. Idarusi yuko juu na magunia, hakumwona. Kwa ukoo wetu mwanamume hamkaribii mama wa mkwewe, wala hamtazami usoni. Na Mama mkwe hampi mkono mwanamume asiye wake.

Baba kavuka barabara. Kaunyosha mkono, uso kaugeuzia milimani.

Mama mkwe kautazama ule mkono. Akavuta ncha ya kanga, akaizungushia kiganja, ndipo akaushika. Akapanda.

Baba bado amesimama palepale, mkono hajaushusha. Mama mkwe ameketi, kando yake kuna nafasi.

Idarusi anapiga honi. Wote wawili wamenigeukia mimi. Kamba ninayo mkononi. Honi tena —