Dari ya Darasa la Tatu

Sale, 14 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Silvanus,

Saita, kama tunavyosalimiana kwetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi yangu asiyekubali kusahauliwa kwenye salamu, yaani mkeo, pamoja na watoto. Mimi mwili ni mzima, isipokuwa masikio, na hayo unayajua. Usiniambie tena nipige simu. Nikipiga nasikia upepo tu, na ujumbe wa maandishi unaisha kabla sijamaliza kukugombeza. Barua nampa Sironka wa lori la mbao, atakuletea hapo hapo karakanani kwako Karatu.

Nina shida. Darasa langu halina dari. Juu ni bati, chini saruji, pembeni saruji. Watoto hamsini na wanne wakifungua midomo, sauti zinagonga juu na kunirudia zote kwa mpigo. Sikio la kushoto limekufa, la kulia lina kifaa, na kifaa hakijui kuchagua kati ya jibu la mtoto na dawati linaloburutwa.

Mwalimu mkuu wetu, Parmuat, ni mtu mwema, lakini ameshanieleza wazi. Afisa elimu anakuja mwezi wa saba kukaa nyuma ya darasa langu, aone kama bado nafaa kufundisha. Nina miaka hamsini na moja, Silvanus. Sijui kazi nyingine, na hata ningeijua nisingeitaka. Wewe unaweka dari za maloji ya watalii. Niambie niweke nini niwasikie watoto.

Dada yako,
Lukresia

Karatu, 2 Februari 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, na matusi yote nimeyapokea kwa mikono miwili. Sisi hatujambo, ni baridi tu na ukungu wa asubuhi.

Dada, umeuliza mtu sahihi. Zamani nilidhani dari ni dari, unapiga misumari unaondoka. Yohani, mhandisi wa loji tuliyokarabati mwaka jana, ndiye aliyenitoa ujinga. Ukumbi wa chakula pale ulikuwa na dari ngumu ya jipsamu tupu, wageni wanapigiana kelele kama wako mnadani. Tukaweka bodi laini zenye vitundu vidogo vidogo. Yohani anasema vile vitundu ndivyo vinavyokunywa sauti. Jikoni hatukuziweka, maana mvuke na mafuta vingezimaliza. Kule tumeweka bodi ngumu ya kufuta kwa kitambaa. Bafuni plastiki. Na kanisani kwetu Oldeani niliwawekea bodi laini upande wa nyuma tu, maana ningejaza kanisa zima kwaya ingeimba kama imefunikwa blanketi, na wanakwaya unawajua.

Kwa hiyo darasani usikubali jipsamu wala plastiki, hata wakikwambia inapendeza. Hapa Karatu kila mwenye sebule anataka plastiki inayong'aa, halafu anashangaa mbona hamsikii mkewe. Wewe unataka bodi za vitundu. Loji ina maboksi yaliyobaki stoo, nimeomba, meneja amekubali niyachukue. Bodi zenyewe hazifanani rangi, nakwambia mapema. Nitakuja nazo na Sironka, nizipange kwenye fremu mwenyewe.

Mdogo wako,
Silvanus

Sale, 20 Machi 2024

Mdogo wangu Silvanus,

Hamjambo huko? Huku mvua imeanza vizuri na wafugaji wanacheka.

Nataka nikuandikie polepole ili nisilie juu ya karatasi. Kuna mtoto anaitwa Nailantei, anakaa mstari wa mwisho karibu na dirisha. Nilimfundisha mwaka jana mzima akiwa darasa la pili, na nilikuwa namsoma midomo. Jumatatu, siku ya kwanza chini ya dari uliyoniwekea, niliuliza saba mara nane nikiwa nimegeukia ubao. Nyuma yangu sauti ikasema, "Hamsini na sita, mwalimu." Nikauliza nani amejibu. Ni yeye. Ana sauti nzito kidogo, kama ya bibi yake. Sikuwahi kuijua.

Ubaya upo, na wenzangu wameshausema. Bodi nyingine kijivu, nyingine zimefifia njano, mbili zina madoa ya maji. Mwalimu wa darasa la sita anasema dari yangu imevaa viraka, na kwamba ndugu yangu kaniletea makombo ya wazungu. Nikamwambia aje anong'one mlangoni aone kama sitamsikia. Mimi sijali, Silvanus. Ningeweza kuhamishia kitanda humo.

Mwezi wa sita nitakwenda Arusha kupimwa upya masikio, shule zikiwa zimefungwa. Afisa akija mwezi wa saba, atanikuta nimekaa tayari.

Dada yako anayekupenda,
Lukresia

Karatu, 25 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini vipimo vimekwenda vizuri na umerudi salama.

Ukifika shuleni usishtuke. Wakati uko Arusha nilipanda kwa Sironka na kopo kubwa la rangi ya mafuta, nyeupe, ile nzito ya kung'aa. Mwalimu mkuu alinifungulia. Nilikuta wanajiandaa kwa afisa, mawe ya njia yameshapakwa chokaa, na mashina ya miti mpaka kiunoni. Nikajiuliza, hata mawe yamevalishwa, dari ya dada yangu ibaki na viraka?

Nimepaka mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, siku mbili, shingo imekakamaa mpaka leo. Hakuna kijivu, hakuna njano, hakuna doa. Mwalimu wa darasa la sita alikuja kuchungulia, akaangalia juu, akaenda zake. Wewe ndiye uliyenishikisha penseli, dada, ukanifundisha kusoma pale Oldeani wakati mama hayupo tena. Hakuna atakayesema nilikuletea makombo.

Mdogo wako,
Silvanus

Sale, 9 Agosti 2024

Silvanus,

Natumaini mko wazima. Mimi si mzima.

Afisa alikuja tarehe ishirini na tatu Julai. Alikuwa mpole, afadhali angekuwa mkali. Alikaa nyuma na daftari. Niliuliza swali la kwanza, wakanyoosha mikono, nikamchagua Nailantei kwa sababu namwamini. Akajibu, na mimi nikasikia mlio tu, kama zamani, mbaya kuliko zamani. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia amekosea. Darasa likacheka, na mtoto akaanza kulia, maana alikuwa amepata. Afisa mwenyewe ndiye aliyesimama kuniambia kwamba amepata.

Tangu shule zilipofunguliwa nilikuwa naona mambo yamebadilika, nikajidanganya ni uchovu wa safari. Kule Arusha walisema sikio la kulia liko pale pale lilipokuwa mwaka jana. Sasa sijui nimwamini nani. Dari ni ile ile, tena inapendeza, watu wote wanaisifia. Basi mbovu ni mimi.

Wameniletea karatasi za kustaafu kwa ugonjwa. Nimepewa mpaka tarehe thelathini Septemba kusaini au kupinga. Nikisaini hakuna kurudi. Nakuuliza wewe kwa sababu ni fundi. Hizi bodi huchoka? Zinaweza kuacha kufanya kazi baada ya miezi minne? Kama kuna chochote unachokijua, hata kidogo, niandikie kabla ya tarehe hiyo. Sironka anapita kila wiki.

Dada yako,
Lukresia

Karatu, 17 Novemba 2024

Dada Lukresia,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Barua yako ya Agosti niliisoma, nikajiambia nitamuuliza Yohani. Nikachelewa, kwa sababu tayari nilikuwa naogopa jibu. Tarehe kumi na mbili Septemba tulikuwa kwenye loji ile, na fundi rangi mmoja akapanda ngazi aanze kupaka ukumbi wa chakula rangi ya mafuta. Yohani alimpigia kelele mpaka wapishi wakatoka. Akasema rangi ile inaziba vitundu, na bodi iliyozibwa ni sawa na ukuta.

Dada, vitundu nilivijua. Mimi ndiye niliyekueleza habari zake. Na brashi nilishika mimi, nikarudia mkono wa pili ili nisione hata kitundu kimoja. Nilichokuwa naona ni yule mwalimu wa darasa la sita.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane kufika tarehe yako ya kusaini. Sironka alipita mara mbili, akaniuliza kama nina mzigo wa Sale, nikasema sina. Niliona aibu. Nilijiambia labda utapinga mwenyewe, labda afisa atakuhurumia. Halafu tarehe ikapita, na kila siku iliyofuata ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Masikio yako hayakuwa na kosa. Nataka kuja kupiga magoti. Nitakwenda kwa afisa niseme ni mimi.

Mdogo wako,
Silvanus

Sale, 28 Novemba 2024

Silvanus,

Barua yako imefika.

Nilisaini tarehe ishirini na tisa Septemba, mchana, baada ya lori la Sironka kupita bila kitu chako. Nilikuwa nimelingoja barabarani tangu saa mbili. Jumatatu hii Parmuat alinisindikiza wilayani. Afisa aliisoma barua yako yote, akasikitika kweli, akasema faili limeshafungwa.

Tuliporudi, Parmuat akapanda ngazi. Bodi hazikupigiliwa misumari, zimekaa tu kwenye fremu, kwa hiyo alizigeuza moja moja, upande wa rangi ukaelekea bati, upande wa nyuma, ambao vitundu vyake havikuzibwa, ukaangalia watoto. Sasa darasa lina sura mbaya kuliko mwanzo. Jana asubuhi niliingia nikakaa nyuma, alipokaa afisa. Mwalimu mpya aliyechukua nafasi yangu aliuliza swali. Nilisikia jibu, na nilisikia mtoto akivuta pumzi kabla ya kujibu. Swali la pili likawashinda, na mimi nikasimama bila kufikiri nikaanza kuwaelekeza.

Mwalimu mpya ni kijana mwenye adabu. Alingoja nimalize sentensi. Halafu akaniomba, kwa heshima zote, nitoke nje ili aendelee na kipindi chake.

Usije. Usiende kwa afisa. Sironka nimemwambia asipokee tena barua yako.

Lukresia Tluway