Mama, Usinisongee Ugali

Nyamasaria, Kisumu
Jumanne jioni

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, na tafadhali usimpe mtu mwingine barua hii akusomee. Miwani unayo, maana ni mimi niliyekuletea. Hujambo lakini? Lile jicho lililokuwa likitoa machozi limepona? Na yule kuku mwekundu aliyekuwa akitaga kwenye kitanda cha ndugu yangu Wechuli, bado yupo au mlishamla? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Shantel anakusalimu sana na anasema umemwahidi mkeka, hajasahau.

Utauliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu yako, Mama, ukiipokea unaiweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza kusema jambo la siri nasikia Mama Dorca wa jirani akinijibu. Halafu nikisema neno usilolipenda, mtandao unapotea. Jumapili ulipotea mara tatu! Karatasi haina mtandao, kwa hiyo leo utanisikiliza hadi mwisho.

Ulisema nije Jumamosi ya tarehe ishirini, kwenye ibada ya kumkumbuka Baba, na kwamba utanisongea busuma, ugali wetu wa nyumbani, kwa mikono yako mwenyewe, nami niimalize mbele ya mchungaji na watu wote, ili midomo ya watu ifungwe. Ukasema binti anayekataa ugali wa mama yake ni kama amesimama sokoni akatangaza kwamba mama ni mchawi. Kwamba nisipokula, nisikuite mama tena. Nimesikia. Nitakuja. Lakini ugali sitakula. Nimeliandika mapema usije ukalitafuta huko chini.

Sasa nikueleze mwenyewe, kwa sababu habari zangu unazipata nusu nusu kutoka kwa Wechuli anapoleta omena, dagaa wake wa ziwani, huku. Unakumbuka nilivyokuwa naamka. Miaka sita nilikuwa nikishuka kitandani kwa kujiviringisha kama gunia, na mpaka saa nne mgongo ulikuwa ubao. Waliniambia ni figo. Wakaniambia ni malaria, kisha ni sufuria kubwa ninazobeba. Niliombewa, nikapakwa mafuta, nikakandwa na mwanamke mmoja wa Obunga karibu anivunje mbavu. Mwaka jana ndipo nilipofika kwa daktari wa viungo. Akaniuliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nikipumzika maumivu yanapungua au yanazidi? Nikamwambia yanazidi, na nikitembea yanalegea. Akasema hii ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, mwili unajipiga wenyewe, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Hilo la ukoo liweke pembeni, nitalirudia.

Alinipa vidonge na mazoezi. Nilianza kupata nafuu, lakini si sana. Kwenye benchi la kliniki nilikutana na mwalimu Seline, mama wa Kijaluo aliyestaafu, naye ana ugonjwa huo huo. Aliniambia yeye amepunguza vyakula vya wanga: ugali, chapati, wali, viazi, ndizi za kupika, hata maharagwe. Nilicheka. Nilimwambia mimi naitwa Nasipwondi, nimezaliwa msimu wa viazi vitamu, nitaviachaje? Akasema jina halili. Daktari nilipomuuliza hakunidanganya. Alisema ushahidi bado ni mdogo, wengine huwasaidia na wengine hapana, nijaribu lakini vidonge nisiviache hata siku moja. Sijaviacha.

Mama, wiki ya tano mtu aliniita nyuma yangu barabarani nami nikageuza shingo. Shingo tu! Zamani nilikuwa nikigeuka mwili mzima kama lori. Nilisimama pale pale nikalia, na aliyeniita akadhani amenipa habari mbaya.

Tangu hapo nakula samaki, mayai, mnavu, sukuma, parachichi, maziwa lala. Sifi njaa, usidanganywe. Na Krismasi nilipokuja kwako nilikula ugali siku tatu mfululizo ili usinune. Niliporudi Kisumu, Shantel alinivisha soksi wiki mbili, mtoto anamvisha mamake soksi. Wewe ukasema ni upepo wa ziwa.

Shida ilianzia kibandani. Unajua mimi napika ugali wa watu sitini kwa siku, na saa nane wateja wakipungua ilikuwa desturi yangu kuketi na wa mwisho nikamega kutoka sinia yao. Hapa mama hoteli akila chakula chake, hakuna anayeuliza kitu. Nilipoacha, wa kwanza kugundua alikuwa Opiyo, fundi wa kuchomelea mageti. Alisema kwa utani kwamba yawa, jamani, mama hali ugali wake mwenyewe, ametuwekea nini humu? Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, na hapo ndipo nilipokosea, ningemjibu. Benta wa ng'ambo ya barabara, anayeuza chakula kama mimi, akauchukua ule utani akautembeza bila kicheko. Kufika Ijumaa, watu walikuwa wakipita mbele yangu wakiangalia simu zao. Wechuli alikuja akakuta viti vitupu, ndiyo habari aliyokuletea.

Wewe ukaniambia nile tonge moja tu watu waone, yaishe. Wengi waliniambia hivyo. Tonge moja! Kesho wangeuliza la pili. Badala yake nilitoa jiko langu nje, mbele kabisa karibu na barabara, nikaweka gunia la unga wazi na maji kwenye ndoo isiyo na kifuniko. Nikatangaza kwamba mimi nina ugonjwa wa mgongo, ugali haunifai, na anayeniogopa aje asonge mwenyewe. Nikamwita Opiyo kwa jina. Alikuja akijifanya mwanamume, akashika mwiko, na Mama, ulitoka ugali wenye madonge kama mawe ya reli. Ilibidi aule. Mwalimu Seline alikuja na majirani zake wa kanisani, akaketi katikati akala samaki na mnavu bila ugali, akawaeleza watu ugonjwa wetu kwa sauti ile ya darasani. Wateja si wote waliorudi. Waliorudi wananitosha, na Opiyo siku hizi ndiye anayenitetea.

Kwa hiyo usidhani ni watu ninaowaogopa. Wewe ndiye niliyekuogopa, na kwa sababu ambayo sijawahi kukuambia. Sasa keti vizuri.

Nilipokuwa darasa la tatu, Baba alikuwa hali ugali wako. Ukienda jikoni kuongeza mboga, alikuwa ananisukumia wake, nami nilikuwa naumeza haraka haraka. Aliniambia akila samaki na mboga peke yake, asubuhi mgongo unamwachilia, lakini wewe ungeumia ukijua, kwa hiyo iwe siri yetu. Nilikuwa najivunia siri hiyo kuliko sare yangu ya shule. Kisha wakaja wageni wa kanisa, nawe ukasema kwa kucheka kwamba humwelewi mume wako, anamaliza sahani na bado amekonda. Nami nikataka wageni wanisikie. Nikasema Baba hali ugali wa Mama, ananipa mimi.

Unakumbuka uliyomwambia Baba wageni walipoondoka, kwamba kama anashuku unamwekea kitu aseme, arudishwe kwa mama yake akalishwe. Tangu siku hiyo alimaliza kila sahani mbele ya macho yako. Hakunigombeza hata mara moja. Afadhali angenichapa. Nilipofika darasa la nane alikuwa anatembea akiangalia viatu vyake, na sisi sote, mimi nikiwemo, tukimwita mvivu kwa sababu hakuweza kuamka mapema kwenda ziwani.

Nilimuuliza daktari kama ni ugali uliompinda. Alisema hakuna anayeweza kusema, huenda angepinda hata hivyo. Sikulaumu, hukujua. Hata mimi sikujua. Lakini Baba alikuwa amepata kitu kidogo cha kumsaidia, na mimi nilimnyang'anya ili wageni wacheke. Nimekaa na jambo hilo miaka ishirini na saba. Siwezi kukaa mezani pake, siku yake, nikala kile kile, mbele ya watu wa kanisa lile lile. Uniite mwana au usiniite.

Na sasa lile la ukoo. Jumapili, kabla mtandao haujapotea, ulilalamika kwamba Wechuli siku hizi haamki. Kwamba anatoka kitandani saa tatu ameshika ukuta, wenzake wameshauza omena wao, na kwamba amekuwa mvivu kama babake. Mama, ukayasema hayo huku unacheka. Usimwite hivyo tena. Nimeshamwekea nafasi kwa daktari wangu Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili, na baada ya ibada nitaondoka naye, akitaka asitake.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na umsalimie Mama Dorca, ambaye najua amekaa karibu nawe akinyoosha shingo. Mungu akulinde mpaka tuonane. Siku hiyo nipikie samaki na mnavu wa maziwa, kama ulivyokuwa ukimpikia Baba. Na ukiwapakulia watu ugali, usimpakulie Wechuli kwa lazima. Muulize kwanza.

Ni mimi binti yako, utake usitake,
Nasipwondi