Salamu Zimefika

Zuena, redio yetu wameifungia. Mwezi mzima!

Ndo nimetoka kwenye kikao cha mamlaka ya mawasiliano.

Yule msikilizaji wa Goba aliyepiga kwenye kipindi changu cha salamu, akamporomoshea mwenyekiti wa mtaa wake matusi ya nguoni hewani? Wametuwekea rekodi mbele ya bosi.

Halafu ikaja sauti yangu, tamu kabisa: "Asante, salamu zimefika, karibu tena."

Karibu tena, Zuena! Wameirudia mara tatu.

Mama mmoja wa mamlaka akaniuliza, "Binti, ulisikia alichosema?"

Bosi akainamisha kichwa.

Ningemjibu nini? Miaka sita natangaza salamu, mie huwaga sisikilizi. Nilikuwa nachovya mkate kwenye chai.