Jina Nisiloweza Kulitaja Mkutanoni

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kimya cha miaka mitatu. Uliponishauri nikubali ukatibu wa chama chetu cha hiari cha kuchimba visima huku Kishapu sikukurudishia hata shukrani, na sasa narudi na shida. Nilianza kwa kuwapikia wachimbaji, nikajifunza kupima kina cha maji, nikawa katibu, na sasa mlezi wetu, padre mgeni anayekaa mjini na asiyefika mikutanoni, anarudi kwao naye amependekeza niongoze chama kizima, nafasi ambayo hakuna mwanamke Msukuma wa huku kwetu aliyewahi kuishika. Lakini baba mkwe wangu ni mjumbe, na kwa mila zetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, kwa hiyo kila nilipoita mahudhurio nililiruka, naye ameketi mstari wa mbele akinitania, "Mkaza mwana, leo umetuita kama mwalimu wa zamu!" Alama sikumwekea hata mara moja. Juzi padre alisoma daftari la mahudhurio akasema, "Huyu hajahudhuria miaka mitatu, katiba inamwondoa. Ukichaguliwa Alhamisi ijayo, barua ya kumfukuza utaitia sahihi wewe." Nikanyamaza. Nikisema kweli nitaonekana sijui hata kazi ya ukatibu, na uongozi nitaukosa. Nikinyamaza, namfukuza mzee aliyemwambia mume wangu aniache nisome. Nifanyeje?

Mama Paskalina

*

Marahaba, Mama Paskalina.

Pole, ila pole yangu ina mpaka. Mila ilikukataza kutamka jina. Haikukukataza kuweka alama ya kalamu. Huo ulikuwa uzembe. Na uliponyamaza mbele ya padre, hiyo haikuwa mila wala uzembe, ilikuwa tamaa ya cheo.

Usitie sahihi. Nenda leo kwa mama mkwe, umweleze yote, amfikishie mumewe. Mzee asiyasikie mkutanoni. Kisha useme mbele ya padre na wajumbe, ambao wanajua kuwa alikuwapo, na daftari lirekebishwe. Majina aite mtu mwingine. Wakikunyima uongozi kwa kosa hilo, usilalamike. Wakikupa, ushike bila woga, kazi unaijua.

Barua hii nimeituma kwa basi, isisubiri kuchapishwa gazetini.

*

Mshauri, nimeipokea. Mama mkwe alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hiyo mume wangu alikuwa anakwenda wapi?" Akacheka, kisha akaenda kumweleza mumewe. Baba mkwe bado hajasema neno. Nimeomba nizungumze kabla ya kura. Wakishaamua, nitakuandikia.