Simu Iliyojiunga Yenyewe

Baba Karima,

Sisi wazima. Nasikia Kuwait joto limezidi. Pole na kazi.

Jana nilifunga kifaa kipya cha intaneti, tugawane na Madam Inshirah, yule mjane wa ghorofa ya chini. Siku hizi anakaanga samaki wa watu wawili. Nilikipa jina na nenosiri la kile cha zamani, simu zijiunge zenyewe. Karima akatazama orodha ya zilizojiunga.

"Mama, mbona simu ya baba imo?"

"Mashine hizi nazo, mwanangu, hazina akili."

Barua hii siipeleki posta. Naishusha kwa kikapu changu cha mkate mpaka kwenye roshani ya Inshirah. Ukishaisoma, vuta kamba.

Mkeo,
Nagwa