Firigisi ya Mwalimu Maige

Nyakato, Mwanza
16 Februari 1997

Mdogo wangu mpendwa Sabina,

Pokea salamu za dada yako, ambaye siku hizi anaitwa mama mwenye nyumba, na kila nikiitwa hivyo nageuka nyuma kutazama ni nani mwingine ameingia. Hujambo huko Tabora? Kile kikohozi cha vumbi la bweni kimekuacha? Sisi ni wazima. Nje mvua inanyesha kila jioni, lakini ndani ya nyumba yangu ni jua tupu.

Sabina, ndoa ni tamu. Paulo akirudi kazini anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe ili tu anisikie nikisema karibu. Anaimba akioga, na haimbi vizuri, na mimi nasimama nje ya bafu namsikiliza kama mtu aliyelipa kiingilio.

Siku ya harusi uliniuliza alinichumbiaje, na mashangazi hawakunipa nafasi ya kukujibu. Basi sikia. Mimi nilikuwa nakata minofu ya sangara kiwandani, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, anayeamua nani aingie zamu na nani arudi nyumbani. Jumatatu moja hatukumwona. Tukasikia ameomba mwenyewe kuhamia chumba cha barafu, kule wanakopelekwa watu wakikosea. Wasichana wa mezani walicheka sana, wakasema bila shaka ameiba samaki. Baada ya hapo ndipo mshenga wake akafika Kisesa kwa baba. Nilipomuuliza kwa nini alikwenda kugandia kule, akanijibu, "Sikutaka unikubali kwa sababu mimi ndiye ninayekupangia zamu." Nililia, mdogo wangu. Mwanamume mzima kugandisha vidole kwa ajili yangu.

Sasa habari yako wewe, maana wewe ni msiri kama chungu chenye kifuniko. Jumamosi nilipata mgeni. Mrefu, miwani, shati limenyooka kama lilipigwa pasi yeye akiwa ndani yake. Akasema anaitwa Maige, kwao ni Kisesa, amekuja kumwona mama yake, na huko chuoni anakufundisha uchumi. Alipotaja jina lako akatazama viatu vyake. Nikajua. Nikamwomba jirani anichinjie jogoo, nikapika wali, na unajua nini? Firigisi nilimpa yeye. Unajua kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mgeni haionji ila akiwa mkwe. Paulo aliitazama sahani yake, akaitazama ya mgeni, akaendelea kula shingo. Maige aliielewa firigisi ile. Aliitafuna polepole, huku anatabasamu.

Niambie yote. Nina furaha hadi naogopa kucheka mbele za watu.

Dada yako akupendaye,
Rebeka


Bweni la Wasichana, Tabora
5 Machi 1997

Shikamoo dada,

Msalimie sana shemeji, na umwambie nampa pole kwa ile shingo. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, na chakula cha bweni ni maharage yale yale uliyoyaacha shuleni miaka ile.

Dada, nani alikutuma na firigisi? Mwalimu Maige amerudi hapa kifua mbele. Amenisimamisha nje ya maktaba akaniambia, "Kwenu wameshanipokea." Nikamuuliza nani, akasema, "Kamuulize dada yako nilikula nini."

Sitakuficha. Nampenda. Ana akili na utani, na akieleza jambo gumu darasani analifanya liwe kama njia ya kwenda kisimani. Lakini yeye ndiye anayenifundisha na ndiye anayenisahihisha mitihani. Chuo chetu kichanga hiki kina kanuni, na tulisomewa sote siku ya kwanza: mhadhiri haruhusiwi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi anayemfundisha. Kama wana nia ya kuoana, mhadhiri anakwenda kwa mkuu wa idara, anasema wazi, na ufundishaji na usahihishaji wa mwanafunzi yule unapewa mtu mwingine. Si kanuni ya kumnyima mtu mke. Inataka tu aiweke chini ile kalamu nyekundu kwanza.

Nimemwambia aende kwa mkuu wa idara. Anasema tusubiri nimalize masomo, tupendane kimyakimya. Dada, mimi nikihitimu nataka iwe shahada yangu. Nisije nikasimama na joho langu na nusu ya ukumbi wananong'ona kwamba nilisomea jikoni kwa mwalimu.

Tafadhali usimwambie mama kwanza.

Mdogo wako,
Sabina


Nyakato
20 Machi 1997

Sabina wa moyo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya na bila kununa, kwa sababu mama nimeshamwambia. Ilinitoka tu. Nilikwenda Kisesa kumpelekea sukari, akaniuliza habari zako, na uso wangu ukasema kabla ya mdomo. Alipiga vigelegele hadi majirani wakaacha kupalilia. Baba naye jioni alionekana anazunguka zizi anapima nafasi.

Mdogo wangu, wewe umesoma kunizidi, mimi nina kidato cha nne changu tu, lakini kwa mambo ya moyo naomba unisikilize. Tangu lini mapenzi yakapitia kwa mkuu wa idara? Siku hizi kila kitu ni ruksa: maduka ruksa, magazeti ruksa, minofu yetu inapanda ndege kwenda Ulaya kabla sisi hatujawahi kuipanda. Mapenzi peke yake ndiyo yaombewe kibali? Kufichana kidogo kuna raha yake. Maige ameniandikia, anasema vizuri kweli, anasema ofisi haina zizi la kupokea ng'ombe, mambo ya kwetu yanamalizwa kwetu. Nilimsomea Paulo kwa sauti. Akauliza neno moja tu, "Mitihani yake anasahihisha nani?" Nikamwambia ni yeye Maige. Akavaa viatu akaenda kutazama kuku. Usiku kuku hawahitaji kutazamwa. Sikumwelewa.

Usiwe mgumu kama mawe ya Ilemela. Mpokee.

Dada yako,
Rebeka


Nyakato
27 Aprili 1997

Mdogo wangu Sabina,

Hujambo? U mzima kweli? Pasaka imepita bila kadi yako, na wewe hujawahi kuiacha Pasaka ipite. Mama anauliza mshenga anakuja lini na mimi namwambia asubiri barua yako. Kama umenikasirikia, niandikie kwamba umekasirika, nijue mkono bado unafanya kazi.

Dada yako,
Rebeka


Tabora
11 Mei 1997

Shikamoo dada yangu,

Mimi ni mzima, na mkono unafanya kazi. Nilikasirika, sasa imekwisha. Nilitaka kwanza nimalize jambo langu ndipo nikuandikie, kwa sababu nilijua ukiniandikia tena kuhusu kuimba bafuni nitalegea.

Mwezi uliopita tulifanya jaribio la uchumi. Nilisoma kwa bidii, kuliko nilivyowahi kusoma. Nikapata sabini na nane, ya kwanza darasani. Nilipotoka nje, rafiki yangu Teodora, ambaye huwa tunakunywa naye chai kikombe kimoja, akaniuliza mbele ya watu, "Hiyo ni ya kichwa au ya firigisi?" Maige alikuwa amejisifu kwa wenzake, habari ikatufikia wanafunzi. Wakacheka wote. Dada, jambo baya halikuwa kicheko. Jambo baya ni kwamba mimi mwenyewe nilisimama pale nikawa sijui jibu.

Nikamwendea Maige nikamwambia Ijumaa isimkute hajafika kwa mkuu wa idara. Akanijibu, "Nimeshapokewa kwenu. Huko nikaombe ruhusa ya nini tena?" Ijumaa ikapita.

Jumatatu nikaenda mimi. Mkuu wetu, Daktari Ng'washi, ni mama mmoja mkali ambaye hata mlango wake unafunguka kwa adabu. Nilimweleza yote, nikamwomba jaribio langu lisahihishwe upya na mtu mwingine. Nilidhani nitafukuzwa. Akaniambia, "Binti, kanuni hii haikuandikwa kwa ajili yako. Iliandikwa kwa ajili ya mwenye kalamu." Kisha akaniagizia chai.

Sasa naomba jambo moja. Unaikumbuka habari ya shemeji na chumba cha barafu? Uliniandikia kwamba ulilia kwa furaha. Ulidhani ulichokipenda ni ile baridi ya vidole. Dada, kile alichokifanya shemeji bila kuambiwa na mtu ndicho hiki hiki chuo kinachomtaka Maige akifanye. Hakuna tofauti. Shemeji aliacha kukupangia zamu, ndipo akatuma mshenga. Basi na mimi nataka wa namna hiyo. Wewe umempata, kwa nini mimi nipungukiwe?

Mdogo wako,
Sabina


Nyakato
8 Juni 1997

Sabina, mdogo wangu, mwalimu wangu,

Salamu kutoka nyumba yenye afya na yenye aibu kidogo. Barua yako nilimsomea Paulo tukiwa mezani. Nilipofika pale pa chumba cha barafu nikashindwa kuendelea, akaichukua akamalizia yeye. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile, badala ya kwenda kutazama kuku. Akasema, "Ulikuwa na furaha. Nilisubiri ufike mwenyewe." Nimempenda upya, na nilidhani hakuna nafasi iliyobaki.

Kisesa nimekwenda. Mama alinuna, akasema vigelegele havirudishwi mdomoni. Baba akamwambia, "Mtoto anayejipima mwenyewe hapunjwi," na akarudi zizini kwake, safari hii anatembea kama mtu mwenye mali.

Kubwa zaidi ni la jana. Maige alikuja, amekasirika, anasema umemwaibisha mbele ya mkuu wake. Nilimkaribisha, maana mgeni ni mgeni. Nikapika kuku tena, sufuria ile ile. Nikaleta sahani. Firigisi ilikuwa kwa Paulo.

Aliitazama, Sabina. Miwani ikateremka hadi puani. Paulo, ambaye unajua haongei, akaichukua ile firigisi, akaikata katikati kama anataka kugawa, halafu akala nusu zote mbili. Akanawa mkono, akasema, "Mwalimu, mimi nilikaa kwenye barafu kwanza. Nenda na wewe ukakae kwenye yako. Ukitoka, hodi yako tutaisikia."

Maige akavuta sahani yake. Alimaliza wali wake wote, nikampenda kwa hilo, akaaga vizuri, akaenda kupanda treni.

Dada yako anayejivuna kwa ajili yako,
Rebeka


Tabora
13 Julai 1997

Shikamoo dada, na shikamoo tena kwa ajili ya ile sahani,

Mimi mzima kabisa. Huku ni baridi ya asubuhi, tunasoma tumejifunika mablanketi.

Jaribio langu limerudi. Amelisahihisha mwalimu mwingine, mzee asiyenijua hata kwa sura. Nimepata sabini na nne. Nne zimepungua, na sijazitafuta zilikokwenda. Hizi zilizobaki zote ni zangu. Nilimpelekea Teodora akaziona, akaniomba radhi, tukanywa chai.

Maige aliposhuka kwenye treni alikwenda kwa Daktari Ng'washi akasema yote, nasikia hadi habari ya firigisi. Amepewa onyo, na amehamishiwa darasa la mwaka wa kwanza. Sasa hanifundishi wala hanisahihishi. Tulikutana kisimani, akanisalimia kwa mbali, akauliza kama anaweza kuanza upya. Nilimwambia nina mtihani wa mwisho wa muhula, aulize tena baadaye. Akasema atasubiri. Akacheka, akasema huko kwenye barafu kweli kuna baridi.

Nampenda bado, dada. Lakini jibu langu litatoka kwangu, si jikoni kwako. Kwa hiyo akija tena Nyakato kabla sijakuandikia neno, mkaribishe vizuri, mkae, mcheke, na umpikie sangara.

Samaki hana firigisi.

Mdogo wako,
Sabina